Je, kompyuta itibiwe bila mwenyewe kuulizwa?

Mpenzi msomaji, umezoea kukuta katika ukurasa huu habari za malaria, lishe ya watoto, shinikizo la damu na mengineyo yanayousumbua mwili. Mwezi huu nakuomba unisikilize nikisema juu ya kompyuta. Sijapotea njia. Siku hizi, katika zahanati na hospitali nyingi, jina la mgonjwa, majibu ya maabara, dawa alizopewa na tarehe yake ya kurudi kliniki vyote hutunzwa ndani ya kompyuta. Kompyuta ikiugua, mgonjwa naye hukwama.

Niliyaona hayo kwa macho yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mapokezi katika zahanati moja, yapata saa tatu asubuhi. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amempakata mtoto wa miaka miwili hivi, mwili wake ukiwaka homa. Kijana wa mapokezi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuandika jina la mtoto, mara kioo cha kompyuta kikabadilika. Yakatokea maandishi yakisema kwamba marekebisho yanawekwa, na kwamba kompyuta isizimwe. Asilimia 5. Tukasubiri. Asilimia 12.

"Mwanangu, kuna nini?" mama akauliza.

"Samahani mama, vumilia kidogo. Mashine inajirekebisha."

"Nani kaiambia ijirekebishe sasa hivi?"

"Hakuna aliyeiambia, mama. Imeamua yenyewe."

Muuguzi aliyekuwa chumba cha pili aliyasikia maneno hayo. Alitoka, akachukua daftari, akaandika jina la mtoto kwa kalamu, akampima joto na kumpeleka kwa mganga. Kompyuta iliamka baada ya saa nzima na ushee. Nilipokuwa naondoka, nilimsikia kijana akimwambia mwenzake kwa furaha: "Nimeshaizima hiyo kitu. Haitajirekebisha tena."

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Mama yule aliuliza swali la haki kabisa. Kijana naye aliona tatizo la kweli, lakini dawa aliyochagua ni mbaya kuliko ugonjwa. Hebu tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

Sasisho ni nini?

Kompyuta hufanya kazi kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa na watu. Maagizo hayo ndiyo programu. Kwa kuwa waandishi wake ni binadamu, hapana budi makosa yawemo. Makosa mengine ni madogo tu, lakini mengine ni kama tundu ukutani: mwizi akilijua, anaingia. Kampuni iliyotengeneza programu ikigundua tundu la namna hiyo hutengeneza kiraka na kukituma kwa watumiaji kwa njia ya intaneti. Kiraka hicho ndicho sasisho la usalama. Mitaani watu husema "kuapdeti".

Lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Siku kiraka kinapotangazwa, wezi nao hulisoma tangazo hilo. Hukichunguza kiraka na kutambua tundu lilikuwa wapi. Tangu hapo kompyuta ambayo haijazibwa huwa hatarini zaidi kuliko ilivyokuwa jana yake. Kwa sababu hiyo makampuni yaliona kwamba kungoja kila mtu atoe ruhusa ni kuwapa wezi muda. Ndiyo maana siku hizi masasisho mengi hujiweka yenyewe, na pengine kompyuta hujizima na kujiwasha bila kukuuliza.

Je, wana haki ya kufanya hivyo? Nitakueleza mambo mawili yaliyotokea kweli, yote mawili yakihusu hospitali. La kwanza linaonyesha hasara ya kukawia. La pili linaonyesha hasara ya kutoulizwa.

Waliokawia kuziba ufa

Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa katika Windows. Katika ofisi kubwa na hospitali, kompyuta aghalabu haziachwi zijisasishe zenyewe. Mafundi ndio huamua lini. Mafundi hao wana sababu za kuogopa. Baadhi ya vipimo, mathalani mashine za MRI, vina kompyuta ndani yake, na mara nyingi haviwezi kuguswa bila mtengenezaji. Huko Uingereza ofisi inayosimamia kompyuta za huduma ya afya ya umma ilituma tahadhari mwezi Machi na tena mwezi Aprili kwamba kiraka kiwekwe. Wengi hawakukiweka.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 kilizuka kirusi kilichopewa jina la WannaCry. Hakikungoja mtu akosee kufungua barua pepe mbaya. Kilitambaa chenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia tundu lile lile. Kila kilipoingia kiliyafunga mafaili na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Kwa muda mfupi kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeambukizwa.

Katika England peke yake, mashirika ya hospitali yasiyopungua 80 kati ya 236 yaliathirika. Hospitali tano zililazimika kuwaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine. Miadi 6,912 ilithibitishwa kuwa imefutwa, na ilikadiriwa kwamba yote kwa jumla ilizidi 19,000. Miongoni mwa waliofutiwa miadi walikuwamo wagonjwa 139 waliokuwa wametumwa haraka kwa kushukiwa kuwa na saratani. Mkaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza alitoa ripoti yake mwezi Oktoba 2017. Alisema kwamba hospitali zote zilizoambukizwa zilikuwa na Windows ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka, au za zamani zisizotunzwa tena, na kwamba zingeweza kujikinga kwa hatua za kawaida tu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kiraka kilikuwapo, tena bila malipo, kwa karibu miezi miwili.

Dawa iliyoangusha wagonjwa

Mtu akisikia hayo atasema: basi, masasisho yaje tu, hakuna haja ya kuulizana. Ngoja kwanza usikie la pili.

Ijumaa nyingine, tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho la programu yake ya ulinzi. Programu hiyo ni mlinzi anayekaa ndani kabisa ya kompyuta, na wateja wake ni makampuni makubwa, viwanja vya ndege, mabenki na hospitali. Faili lililotumwa lilikuwa na kosa. Lilitaka kusoma taarifa ya 21 mahali ambapo programu ilikuwa imeandaa taarifa 20 tu. Kompyuta zilizolipokea zilianguka papo hapo, zikajiwasha, zikaanguka tena.

CrowdStrike iliondoa faili hilo baada ya dakika 78. Lakini kwa dakika hizo tu, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka. Nazo hazikuweza kuponywa kwa mbali. Katika sehemu nyingi fundi alipaswa kwenda kwa kila kompyuta, moja moja, na kulifuta faili kwa mkono wake.

Siku hiyo hospitali ya chuo kikuu ya Schleswig-Holstein huko Ujerumani iliahirisha upasuaji uliokuwa umepangwa katika miji ya Kiel na Lübeck. Huko Boston, Marekani, shirika la hospitali la Mass General Brigham lilifuta ziara zote za wagonjwa zisizo za dharura. Nchini Uingereza madaktari wengi wa familia walishindwa kufungua mafaili ya wagonjwa wao, wakarudia karatasi na kuandika dawa kwa kalamu. Kumbe hata kule tulikodhani kila kitu ni mashine, daftari la muuguzi wetu lilikuwa na kazi!

Wala hilo halikuwa la kwanza la aina yake. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la programu ya kampuni ya McAfee lilidhani kwamba faili muhimu la Windows ni kirusi, likaliondoa. Baadhi ya hospitali katika jimbo la Rhode Island, Marekani, ziliacha kwa muda kupokea katika idara ya dharura wagonjwa wasio na majeraha makubwa.

Angalia neno lililo muhimu hapa. Mwaka 2024 wako wateja waliokuwa waangalifu, waliochagua kuchelewesha kidogo matoleo mapya ya programu ya CrowdStrike ili wenzao wayajaribu kwanza. Haikuwasaidia. Sasisho la siku ile lilikuwa la aina nyingine, ambayo mteja hakuwa amepewa nafasi ya kuichelewesha. Hawakuulizwa.

Kwa nini watu wanazima?

Sasa turudi kwa kijana wetu wa mapokezi. Kwa nini aliifurahia sana ile kazi ya kuzima? Kwa sababu alijiona amedharauliwa mbele ya wagonjwa. Na si yeye peke yake.

Mwaka 2007 iligundulika kwamba Microsoft ilikuwa imebadilisha mafaili kadhaa katika Windows za watu, hata katika kompyuta ambazo wenyewe walikuwa wamechagua kuulizwa kwanza. Kampuni ilieleza kwamba mafaili hayo ni ya chombo chenyewe cha kupokelea masasisho, na kwamba bila hayo masasisho mengine yasingefika. Pengine ni kweli. Lakini mtu aliyesema "niulize kwanza", kisha hakuulizwa, atakuamini namna gani siku nyingine?

Mwaka 2016, Microsoft ilipokuwa ikiwahimiza watu wahamie Windows 10, dirisha la tangazo lilijitokeza kwenye vioo vyao. Wengi walibofya alama ya X kulifunga, kama tulivyofundishwa sote. Kumbe kulifunga hakukufuta ratiba. Saa iliyopangwa ilipofika, kompyuta zao zikabadilishwa. Mwenye biashara mmoja huko California alikwenda mahakamani kwa kuwa kompyuta yake ya kazi iliharibika baada ya mabadiliko hayo ambayo hakuyakubali, akapewa dola 10,000.

Mabadiliko yale hayakuwa kiraka cha usalama. Yalikuwa toleo jipya kabisa la Windows. Lakini mtumiaji wa kawaida hatofautishi. Yeye anaona tu kwamba wametumia mlango wa dawa kuingiza mambo yao. Akishaona hivyo anaufunga mlango wote, na kinga inabaki nje.

Jambo hili sisi wa afya tunalijua vizuri. Mama anapompeleka mtoto kliniki kupata chanjo, muuguzi mwema hamchukui mtoto na kumchoma sindano bila neno. Humwambia mama: hii ni chanjo ya ugonjwa fulani, huenda mtoto akapata homa kidogo au uvimbe, usiogope, tarehe ya kurudi ni hii. Maelezo hayo hayapunguzi nguvu ya dawa. Ndiyo yanayomfanya mama arudi tena, na amwambie jirani yake naye aende. Mahali ambapo watu hawakuambiwa kitu, huzuka minong'ono, na minong'ono huua watoto.

Maoni yangu

Wapo wanaosema: "Kompyuta ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu, nisiguswe mpaka niseme." Nawaheshimu, lakini siwaungi mkono moja kwa moja. WannaCry imetuonyesha kwamba kompyuta iliyoambukizwa huambukiza nyingine. Asiyechimba choo hawezi kujitetea kwamba kiwanja ni chake, maana kipindupindu hakijui mpaka wa kiwanja. Tena tuseme kweli: sisi binadamu tukiulizwa "sasa au baadaye?" tunajibu "baadaye", na kesho yake tunajibu vivyo hivyo. Kwa hiyo nakubali kwamba masasisho ya usalama yaje yenyewe, pasipo kungoja ruhusa kila mara.

Hata hivyo, anayejipa haki ya kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi amejitwika na wajibu. Nionavyo mimi, wajibu huo ni wa namna nne.

Kwanza, aseme. Mwenye kompyuta aambiwe kwa lugha nyepesi nini kinawekwa na kwa nini, na apewe nafasi ya kuchagua saa. Kuchagua saa si kukataa dawa.

Pili, kiraka kiwe kiraka. Kisifungwe pamoja na matangazo wala mabadiliko ambayo mtu hakuyahitaji. Anayechanganya dawa na biashara huwafanya watu waitupe dawa.

Tatu, sasisho lisimwagwe kwa dunia nzima kwa mkupuo mmoja. Lianze kwa wachache, litazamwe, ndipo liendelee. Baada ya aibu ya mwaka 2024 CrowdStrike yenyewe ilitangaza kwamba itatuma kwa awamu na kuwapa wateja uwezo wa kuchagua lini wapokee. Basi jambo hilo liliwezekana. Kwa nini lilingoja wagonjwa warudishwe nyumbani?

Nne, iwepo njia ya kurudi nyuma. Dawa ikimdhuru mgonjwa, daktari huisimamisha.

Na mahali penye uhai wa watu, kama chumba cha upasuaji au mapokezi ya dharura, pasiwe na mashine inayoweza kujizima katikati ya kazi kwa amri ya mtu aliye mbali. Hapo neno la mwisho liwe la wale wanaomtazama mgonjwa usoni. Lakini wakishapewa neno hilo, wasilitumie kulala usingizi kama ilivyokuwa mwaka 2017.

Ufanye nini nyumbani?

1. Acha masasisho ya kujiweka yenyewe yaendelee, kwenye kompyuta na kwenye simu. Usiyazime.

2. Chagua saa. Windows ina mahali pa kuiambia saa zako za kazi, ili isijizime wakati huo. Simu nazo nyingi hukubali kujisasisha usiku zikiwa kwenye chaji.

3. Kama unalipia bando, iambie kompyuta kwamba mtandao wako ni wa kulipia kwa kipimo. Itapunguza kupakua vitu bila taarifa. Lakini usiishie hapo. Microsoft hutoa viraka vyake vya kila mwezi Jumanne ya pili ya mwezi, ambayo kwetu huwa ni usiku. Weka siku katika juma hilo, mathalani Jumamosi, ununue bando la kutosha au uende palipo na mtandao wa bure unaouamini, ukamalize kazi hiyo.

4. Jihadhari na masasisho ya uongo. Tovuti ikikuambia kwamba kompyuta yako ina virusi, bofya hapa. Au mtu akikupigia simu akisema yeye ni fundi wa kampuni kubwa, usifuate. Sasisho la kweli utalikuta ndani ya mipangilio ya kompyuta au simu yenyewe.

5. Tunza nakala ya picha na maandishi yako kwenye flashi au diski ya nje, na ukimaliza uichomoe. Ikibaki imechomekwa, kirusi kitaikuta humo.

6. Tazama umri wa Windows yako. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa utunzaji wake wa kawaida wa bure tarehe 14 Oktoba 2025.

Na zahanati je?

Mganga mfawidhi achague mtu mmoja ambaye kazi yake, pamoja na nyinginezo, ni kusimamia masasisho. Kazi ya wote si kazi ya mtu. Mtu huyo aanze na kompyuta moja isiyo ya mapokezi, aitazame kwa siku moja au mbili, kisha aendelee na zilizobaki baada ya saa za kazi. Pawepo betri ya akiba, maana umeme ukikatika sasisho likiwa katikati, kompyuta inaweza kushindwa kuwaka. Mashine za vipimo zisiguswe bila kumwuliza aliyezileta. Lakini aulizwe, na asipojibu aulizwe tena.

Na daftari libaki kwenye droo, pamoja na kalamu inayoandika. Kila mfanyakazi, hata aliyeajiriwa jana, ajue namna ya kumwandikisha mgonjwa kwa mkono na namna ya kuingiza habari hizo baadaye kompyuta ikirudi.

Mama yule wa zahanati hakujali habari za viraka wala virusi. Alitaka mtoto wake ahudumiwe. Hata hivyo swali lake linastahili jibu: "Nani kaiambia ijirekebishe sasa hivi?" Natamani siku moja kijana wa mapokezi aweze kumjibu bila haya: "Si sasa hivi, mama. Tuliiambia ijirekebishe usiku, nayo imeshamaliza. Jina la mtoto nani?"